Chombo Kilichofaulu Mtihani Kikavunjika Angani



Jioni moja, baada ya darasa la alasiri, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Mjomba wake alikuwa amekwisha kukata tikiti ya kwenda Umra, na bibi yake alikuwa hapati usingizi kwa hofu ya safari ile. "Maalim," alituuliza, "bibi asema eropleni huanguka. Mjomba asema eropleni za siku hizi zimepimwa na wataalamu, haziwezi kuanguka. Yupi kati yao asemaye kweli?"

Tulimjibu ya kwamba kila mmoja ameshika upande wa ukweli, tukamwambia aende nyumbani kabla ya magharibi. Lakini jibu lile halikuturidhisha sisi wenyewe. Neno "imepimwa" twalisikia kila siku: dawa imepimwa, daraja limepimwa, gari limepimwa. Je, kupimwa maana yake nini? Na chombo kilichopimwa kikafaulu chawezaje kuvunjika? Tumeona vema tuwaeleze wasomaji wetu habari ya eropleni moja iliyoitwa Comet, kwani ni habari yenye mafunzo mengi juu ya maana ya kupima.

SAFARI YA KWANZA

Tarehe 2 Mei 1952 eropleni aina ya Comet, iliyoundwa Uingereza na kampuni ya de Havilland, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria waliolipa nauli zao. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza duniani kwa eropleni ya injini za jeti kuanza safari za kawaida za abiria. Ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika mwisho wa safari kwa muda usiotimia saa 24. Basi watu wa Entebbe walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza ulimwenguni kukiona chombo kile kikitua na abiria wake.

Siri ya mwendo wa Comet ilikuwa kuruka juu sana, kiasi cha futi 35,000 na zaidi. Huko juu hewa ni nyepesi, nayo haikizuii chombo. Walakini hewa hiyo nyepesi haimtoshi mwanadamu kupumua. Kwa hiyo hapana budi hewa ishindiliwe ndani ya kiwiliwili cha ndege ili abiria wakae kwa raha. Katika Comet, hewa ya ndani ilikisukuma kiwiliwili kwa nje kwa nguvu ya ratili 8 na robo kwa kila inchi ya mraba. Jaribu kuhesabu, ewe msomaji, inchi za mraba zilizomo katika mlango mmoja tu wa nyumba yako, nawe utaona kuwa mzigo huo si mdogo.

Kila ndege ilipopanda, kiwiliwili kilivimba kidogo kama mpira uliotiwa hewa. Kila iliposhuka, kilinywea. Kuvimba huko hakuonekani kwa macho, ila kupo. Twaweza kusema kwamba kila safari moja ni pumzi moja ya chombo.

MSIBA WA ELBA

Tarehe 10 Januari 1954, Comet yenye herufi G-ALYP iliondoka Roma ikielekea London. Ndiyo ile ile iliyofanya safari ya kwanza ya mwaka 1952. Haukupita muda mrefu ila ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, ikaanguka baharini vipande vipande. Watu wote 35 waliokuwamo walikufa. Wavuvi wa kisiwa kile ndio waliotangulia kufika kwa mashua zao, wakaokota maiti.

Comet zote zilisimamishwa. Wataalamu wakakaa, wakaorodhesha kila sababu iliyowajia akilini, na iliyoonekana kuwa karibu zaidi na kweli ni moto katika injini. Wakatengeneza hapa, wakaimarisha pale, wakaweka kinga dhidi ya moto, wakafanya marekebisho mengi. Tarehe 23 Machi 1954 Comet zikaruhusiwa kuruka tena, na mabaki ya ile ya kwanza yangali yakitafutwa chini ya bahari.

Zilipita siku 16 tu. Tarehe 8 Aprili 1954 Comet ya pili, G-ALYY, iliondoka Roma kwenda Cairo, nayo ikapasuka angani upande wa kusini wa Italia. Watu 21 walikufa, na mabaki yake yakazama penye kina kikubwa mno. Katika mambo yote waliyoyarekebisha, hawakuwa wamegusa lile lililokuwa ugonjwa wenyewe.

Wasomaji wetu, hapa pana jambo la kuzingatiwa. Watu wale hawakuwa wajinga wala wavivu. Kosa lao ni kutoa dawa kabla ya ugonjwa kujulikana. Mganga atoaye dawa kumi kwa pamoja, akitumaini kwamba mojawapo itasibu, hajatibu bali amebahatisha. Naye mgonjwa akiinuka kitandani kesho yake, hakuna ajuaye kama amepona au amepata nafuu ya siku mbili tatu.

TANGI LA MAJI

Baada ya msiba wa pili Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, alitaka siri hiyo ifumbuliwe bila kuangalia fedha wala wingi wa watu watakaohitajiwa. Kazi ilikabidhiwa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, ambacho mkuu wake alikuwa Arnold Hall. Manowari zilichungulia chini ya bahari ya Elba kwa kamera za televisheni, jambo lililokuwa geni wakati ule, na vipande vikatolewa kimoja kimoja. Vilipelekwa Farnborough, vikafungwa juu ya umbo la mbao kila kimoja mahali pake, kama mtu aunganishaye chungu kilichovunjika. Madaktari wa Pisa nao walizichunguza maiti, wakakuta katika mapafu dalili za hewa iliyotoka kwa ghafula.

Wakati huo huo Arnold Hall alishuku jambo liitwalo uchovu wa madini. Maana yake ni hii. Twaa kipande cha waya, ukipinde mara moja. Hakikatiki. Kipinde huku na huku mara nyingi, nacho kitakatika mkononi bila ya nguvu kubwa. Kila nyumba ina mtoto aliyewahi kukata waya namna hiyo. Mzigo ambao chuma chaweza kuuchukua mara moja bila taabu, huenda kisiweze kuuchukua mara elfu moja.

Ili kupata yakini, walitwaa Comet nyingine nzima, G-ALYU, iliyokwisha kuruka safari 1,230 hivi. Wakajenga tangi kubwa kukizunguka kiwiliwili chake, mabawa yakitokeza nje, wakalijaza maji tangi na kiwiliwili pia. Kisha wakawa wakisukuma maji ndani ya kiwiliwili mpaka nguvu ifikie ile ya safarini, halafu wakilegeza, na mabawa yakitikiswa kwa jeki kana kwamba ndege imo angani. Pumzi ya safari nzima ilipita kwa dakika chache, na kazi ikaendelea usiku na mchana.

Labda msomaji atauliza, kwa nini maji na si hewa? Hewa iliyoshindiliwa ina nguvu iliyojificha ndani yake. Ikipata upenyo hulipuka, na chombo chote hutawanyika kama kilichopigwa bomu, hata mtu asijue ufa ulianzia wapi. Maji hayakubali kushindiliwa. Ufa ukitokea, maji huchuruzika, nguvu hushuka mara moja, na ufa hubaki pale pale ulipozaliwa. Mtu apimaye hana budi kupima kwa namna ambayo ushahidi hautapotea.

Mwezi wa Juni 1954, baada ya pumzi 1,830 hivi za tangini, kiwiliwili cha G-ALYU kilipasuka. Ukijumlisha na safari zake za angani, zilikuwa 3,060 hivi. Ufa ulianzia kwenye pembe ya uwazi uliokatwa ubavuni mwake. Ndege ya Elba ilikuwa imefanya safari 1,290, na ile ya pili 900. Baadaye vipande vya Elba vilithibitisha jambo lile lile, ila mwanzo wa ufa wake ulikuwa katika paa, penye uwazi mdogo wa vyombo vya redio.

Watu wengi husema kwamba Comet iliharibika kwa sababu madirisha yake yalikuwa na pembe kali kama za sanduku. Hilo si sahihi kabisa. Pembe zile zilikuwa zimeviringwa, lakini hazikuviringwa vya kutosha, na matundu ya ribiti yalikuwa karibu nazo. Mfano wake ni watu watokao msikitini baada ya sala ya Ijumaa kwa mlango mmoja. Katikati ya ua wote wapo raha, lakini penye miimo ya mlango watu hubanana. Nguvu ipitayo katika bati nayo hubanana penye pembe za kila uwazi. Wahandisi walikuwa wamekadiria mbano huo kwa hesabu. Farnborough waliupima juu ya bati lenyewe, wakaona ni mkubwa kuliko walivyokadiria wenzao.

MTIHANI ULIODANGANYA

Sasa twafika penye kiini cha swali la kijana wetu. Je, de Havilland hawakuipima Comet? Waliipima, tena kwa juhudi. Sehemu ya kiwiliwili waliishindilia hewa mpaka nguvu maradufu ya ile ya safarini, ikastahimili. Baadaye, mwaka 1953, sehemu ile ile ya mtihani waliivimbisha na kuinywesha mara 16,000 hivi ndipo ilipopasuka. Kwa hesabu hiyo ndege ingeweza kufanya kazi miaka mingi kabla ya hatari kufika. Basi kwa nini ndege ya Elba haikufika hata safari 1,300?

Jibu limo katika maneno mawili: sehemu ile ile. Iliposhindiliwa maradufu, madini yaliyo penye pembe za madirisha yalivutika kupita kiasi chake. Nguvu ilipoondolewa, hayakurudi kama yalivyokuwa, bali yalibaki yamebanwa na bati la kandokando. Kubanwa huko kuliyakinga na nyufa. Kwa hiyo jaribio la kwanza lilikuwa limeikomaza sehemu ile bila ya mafundi kutambua. Lakini ndege zilizobeba abiria hazikupata kushindiliwa kiasi hicho. Kilichofaulu mtihani hakikuwa sawa na kilichoruka.

Sisi walimu twalifahamu jambo hili vizuri, na pengine twaona haya kulisema. Tuseme mkaguzi atakuja chuoni kesho. Usiku huu twamtwaa mwanafunzi mmoja, twamsomesha sura moja mpaka alfajiri. Mkaguzi ajapo twamtanguliza huyo, naye anaisoma sura ile bila ya kosa. Mkaguzi ataondoka akisema chuo hiki kimesoma. Hakusema uongo, kwani amesikia kwa masikio yake. Walakini alilolipima si chuo, ni kijana mmoja aliyekomazwa usiku mmoja. Tofauti yetu na mafundi wale ni kwamba wao hawakukusudia. Wao mtihani wao wenyewe uliwadanganya, nao wakauamini.

Baraza la uchunguzi lililoongozwa na Lord Cohen lilikaa London mwishoni mwa mwaka 1954, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1955. Mafunzo ya Comet yaliwafaa waundaji wa ndege wa kila nchi. Comet yenyewe ilibuniwa upya, bati lake likafanywa nene zaidi na madirisha yake yakabadilishwa, na mwaka 1958 Comet 4 ikaanza kuvuka bahari ya Atlantiki na abiria. Mwaka 1960 shirika letu la wakati ule, East African Airways, nalo lilianza kutumia Comet 4, na wazee wetu wengi walizipanda. Tangu hapo imekuwa desturi ya waundaji wakubwa kwamba ndege ya mtihani wa nguvu na ndege ya mtihani wa uchovu zisiwe moja. Ndege nzima mpya huwekwa ardhini, isiruke kamwe, ikavimbishwa na kunyweshwa miaka kadhaa ili itangulie kuzeeka kabla ya wenzake walio angani.

MTIHANI HAUNA MWISHO

Msomaji asidhani kwamba mambo yakaisha hapo. Tarehe 28 Aprili 1988, katika visiwa vya Hawaii nchini Marekani, Boeing 737 ya kampuni ya Aloha Airlines ilikuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu. Ilipofika futi 24,000 juu, paa lake lilibanduka kiasi cha futi 18, abiria wakabaki wameketi kwenye uwazi wa anga. Mhudumu mmoja wa ndege alichukuliwa na upepo, akafariki. Watu 94 waliobaki walitua salama katika kisiwa cha Maui, na wengi wao walijeruhiwa.

Ndege ile ilikuwa ya mwaka 1969. Safari za visiwani ni fupi fupi, kwa hiyo saa zake za kuruka hazikuonekana kuwa nyingi ajabu, lakini pumzi zake zilikuwa 89,680. Tena ilikaa miaka yote katika hewa ya chumvi, na sisi watu wa pwani twajua chumvi ifanyavyo kwa mabati yetu. Gundi iliyounganisha mabati iliachia, nyufa ndogo ndogo zikaota penye matundu ya ribiti, zikaungana. Ukaguzi ulifanyika, lakini nyufa hazikuonekana. Abiria mmoja alisema baadaye ya kwamba alipokuwa akiingia ndegeni aliuona ufa kiwiliwilini. Aliuona, asimwambie mtu.

Twakiri kuwa habari ya abiria huyo ilitugusa, kwa kuwa sisi nasi tumewahi kuwa katika hali inayofanana na hiyo. Tangi la maji la madrasa yetu limekaa juu ya mnara wa chuma, na watoto hucheza chini yake. Siku lilipowekwa lilijazwa pomoni, mnara ukasimama imara, tukashukuru, tukasema limepimwa. Miaka ikapita, likijazwa na kumalizwa kila siku. Binti mmoja mdogo akatuambia, "Maalim, mguu wa mnara una ufa." Tulimjibu kuwa ni rangi iliyobanduka. Juma zima lilipita kabla hatujainama kutazama. Haikuwa rangi. Tulilimwaga maji tangi siku ile ile, tukamwita fundi wa kuchomelea. Hapana aliyeumia, alhamdulillah, lakini juma lile hatulisahau. Mtoto alipima kwa macho yake, na sisi watu wazima tulimkanusha kwa sababu tulitaka mnara uwe mzima.

FUNZO KWA NYUMBA ZETU

Dini yetu imetuamrisha kutimiza kipimo na kutopunja mizani. Wengi hudhani amri hiyo ni ya wauza nafaka peke yao. Twaonelea kwamba fundi apimaye daraja, mkaguzi wa magari, na fundi atengenezaye mtungi wa gesi, nao pia wameshika mizani. Katika sufi zao hawawekei mchele, wanawekea roho za watu.

Kwa vijana wetu wanaotamani uhandisi, twawausia mambo matatu. La kwanza, usiulize tu kama chombo kimefaulu, bali uliza ni nini hasa kilichopimwa, na kama ni sawa na hicho kitakachobeba watu. La pili, chombo kikiharibika usitangulize marekebisho. Tafuta ufa ulikoanzia, hata kama umo chini ya bahari. La tatu, mtihani utafute kosa, usitafute sifa. Fundi aombaye kazi yake ifaulu huona haraka dalili za kufaulu tu.

Na kwa wazazi, mtungi wa gesi ulio jikoni, mpira wake na kifungio chake, vilikuwa vizima siku vilipotoka dukani. Je, leo? Ngazi ya kupandia darini, breki za gari liwapelekalo watoto shule, mashua ya kwenda kisiwani, vyote vina pumzi zake zinazohesabika. Mtoto akisema ameona ufa, au amesikia harufu, msikilizeni kwanza. Akiwa amekosea mtapoteza dakika moja tu.

Yule kijana tulimwita tena baada ya siku chache, tukamweleza haya yote. Tulimwambia bibi yake asema kweli, kwani chombo cha mwanadamu chaweza kuvunjika. Na mjomba wake naye yu karibu na kweli, kwani kusafiri kwa ndege leo ni salama mno kuliko zamani, na usalama huo umenunuliwa kwa msiba wa watu 56 wa Comet na wengine baada yao, na kwa kazi ya watu waliokubali kuona kosa lao wenyewe. Tofauti ni neno moja tu. Mjomba asiseme haziwezi kuanguka, aseme zinapimwa, kila siku, na watu walioko macho.

Mjomba alisafiri, akarudi salama kwa uwezo wa Mola. Na kijana ametuambia kwamba siku hizi bibi huwauliza madereva wa daladala lini walibadilisha magurudumu. Twamwombea umri mrefu.